Nyota Mbili Upande wa Volkano

Jumatatu, 18 Agosti
Sijamwambia mtu: jioni nikisema naenda kuanua nguo, natafuta nyota. Nguo huwa nimeshazianua. Nasimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, daftari mkononi, natazama kaskazini, upande wa mlima wa volkano. Ziko mbili huko, ndogo, nyekundu, zinazungukana, na zina sayari. Nilisoma kwenye simu ya Papa, baba yangu. Mwanga wao unatembea miaka zaidi ya kumi na moja kutufikia, na eti hizo ni majirani zetu. Kwa macho hazionekani. Najua. Natazama tu. Tangu nimalize shule sina kingine changu.

Jumatano, 20 Agosti
Maji, kutwanga sombe, majani ya muhogo, kufua. Mgongo unauma. Mama Riziki, jirani mwenye mtoto wa wiki tatu, ameniuliza naandika nini kila jioni nikitazama mlima. Niliona haya. Nikasema hakuna kitu, nikaingia ndani.

Ijumaa, 22 Agosti
Avenyu yetu nzima, nyumba kwa nyumba, inafunga magodoro. Wanasema binti wa Papa Deo, yaani mimi, aliyesoma sayansi, anaandika habari za volkano na anakataa kusema. Zingekuwa njema angesema. Ilitosha nitoke, niseme neno moja. Nilikaa nyuma ya pazia. Mama Riziki akashika njia ya kwenda Sake kukimbia volkano, mtoto mgongoni, baridi ikianza. Mimi mwoga.

Jumamosi, 23 Agosti
Sikulala. Asubuhi nilimwambia Papa. Hakunigombeza. Alivaa viatu, tukatembea mpaka Lac Vert, kwenye njia hiyo ya Sake. Mama Riziki alikuwa kwenye kibaraza cha shule, mtoto ana homa.
"Mama, nilikuwa natafuta nyota. Si volkano."
"Nyota gani?"
"Hazionekani, mama."
"Sasa mutu anatafuta kitu chenye hakionekani, kila siku, upande wa volkano?"
Alicheka, si kwa furaha. Papa akambeba mtoto mpaka kituo cha afya.

Jumanne, 26 Agosti
Homa imeshuka. Wote wamerudi. Habari ya nyota hakuna aliyeiamini. Mama Riziki amesema bombani kwamba nikitazama tena kule, yeye anafunga mizigo. Wengine hawakucheka.
Kwa hiyo jioni nakaa mlangoni, nimeupa mlima mgongo, namenya viazi. Wananiona, wanatulia, wanalaza watoto wao.
Leo kaskazini hakukuwa na wingu hata moja. Mama Riziki alipoingia ndani niligeuka, mara moja tu, haraka. Sikuona kitu.
Daftari, hilo la kugeuka usimwambie mtu.