Kofia ya Mzee Kibwana

Mwanaidi mdogo wangu, hujambo? Huku Kinole ukungu umeondoka, jua linachoma mpaka mdalasini ulioanikwa unanukia njia nzima.

Si unajua tumefuata ute wa ngozi ya vyura? Una protini tunazozipima maabara, tuone kama zitaua saratani ya ngozi. Jana nilimwomba mwenyeji wetu, Mzee Kibwana, mwenye ualbino kama wewe, atutafutie vyura. Leo saa saba mchana kapanda kutoka mtoni nao kumi na mmoja. Nikapiga vigelegele, nikainama kuwachungulia. Hata shikamoo sijampa. Ndipo nikaona kawabeba kwenye kofia yake, kichwa na shingo vimeiva kwa jua.

“Kwenye mfuko wangekufa, mwanangu,” akasema.

Na mimi ndiye niliyekuwa nakukimbiza uwanjani na kofia mkononi!

Nimemvisha yangu. Akashukuru sana, kisha akaniuliza kesho alete wangapi.

Jifunike ukitoka kuanika nguo, kipenzi changu. Na mama usimwambie.

Dada yako, Rehema