Sitini na Tatu kwa Kiflamand

Papa,

Ni mimi Véronique, mtoto wako wa pili. Nimerudi Kisangani, nalala katika chumba chako. Nakula, nafua, naitikia watu salamu, lakini sisikii kitu. Ndani ni kama mguu uliokufa ganzi.

Nina neno la kukiri. Utanicheka.

Meli iliyonitoa Opala ilichelewa; nilifika umeshazikwa siku sita. Nikaenda peke yangu kwa Mbelji anayeshika kitabu cha makaburi. Akatafuta jina lako, akanong'ona namba kwa Kiflamand chao: drie en zestig. Alipotaka kuirudia kwa Kifaransa, nikamkatiza: bon, nimesikia. Si mimi mtoto wa mtu aliyehesabu magunia bandarini? Si wewe uliyenifundisha Kiflamand, na Kigiriki cha wenye maduka, na Kireno, tukimenya ndizi za makemba jikoni? Ena, dio, tria. Um, dois, três. Nikikosa, unanigonga kidole.

Drie, tatu. Zes, sita. Nikaenda thelathini na sita.

Miezi miwili, Papa, kila Jumapili baada ya misa. Nimepalilia. Nimepaka chokaa ule msalaba wenye namba tu. Udongo ulikuwa umeshashikana sana, nikasema ni mvua. Nimekusimulia mjukuu wako alivyoota meno mawili. Sikulia hata mara moja, nikajua moyo wangu umekwisha.

Jumapili iliyopita mdogo wako, Tonton wa Yahuma, ambaye ndiye aliyekuzika, alinikuta nimepiga magoti.

"Véro, unafanya nini pale? Papa iko kule, kwa muchikichi."

Ndipo nikakumbuka maneno yako: "Muflamand anakula samaki kuanzia mukia." Wanatanguliza kidogo: tatu na sitini. Nilijua hivyo tangu nikiwa na miaka saba.

Tonton alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Kwako majani yalifika kiunoni. Nikasimama. Nilidhani sasa nitalia, maana kumbe nilikuwa nakosea kaburi tu. Machozi hayakuja, Papa. Naona aibu kukuandikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Kwaheri, Papa. Jumapili nakuja na jembe kuyang'oa yale majani, nilie nisilie, na kila Jumapili baada ya hiyo. Yule wa thelathini na sita pia sitamwacha. Ameshajua habari zetu zote.

Véro wako