Samaki Hawasalimii

Baba,

Asubuhi nilikuwa nawalisha samaki, nikawakuta wote juu ya maji tangini wanapanuapanua midomo. Kumbe umechomoa pampu ili uchaji simu! Bila pampu, maji ya samaki hayapandi kwenye mboga tulizopanda juu ya tangi, wala hayarudi na hewa ya wao kupumua. Nawe umewapiga picha, ukairusha kwenye kundi la ukoo mzima: "Samaki wangu wananisalimia." Shangazi kajibu eti wana adabu kuliko watoto wako.

Hawasalimii, Baba. Wanakata roho.

Pampu nimeirudisha. ~~Samahani kwa chaja.~~ Chaja iko sebuleni, ikae hukohuko. Yule mwenye doa amelala ubavu, mwangalie kwanza. Jirani uliyemfuata aje kushangaa, atashangaa kesho.

Kukusahihisha mbele ya ukoo nimeona haya. Nimekuandikia ujumbe pembeni: "Baba, rudi upesi." Umeusoma, hujarudi; ndiyo maana nakuachia barua hii.

Binti yako asiye na adabu