Kipande cha Tatu Kiko Kwako

Kwako Kaka,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la maboksi kiwandani kwenu kimeanza kukuachia usingizi. Huku tupo. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba meza ya kushonea vitabu ilipimwa kwa urefu wa Baba, si wangu. Baba naye yupo, anakula, na gundi anailalamikia kama kawaida yake. Habari zake nyingine zinakuja huko chini, na tafadhali usiruke mistari kuzitafuta, maana nakujua.

Barua yako ilifika Jumamosi. Niliisoma nimesimama mlangoni mwa karakana, aproni bado kiunoni. Unasema umepata likizo ya wiki moja, na kwamba Jumamosi ya wiki ijayo utakuja nyumbani na kile kipande cha tatu mkononi, ili tumalize kitabu sote watatu kwenye meza moja. Nilifurahi mpaka nikatafuta pa kukaa. Halafu nikafika pale ulipoeleza kwa nini umeamua kuja, na furaha yote ikaniishia. Ningeweza kukupigia simu. Lakini nikisikia sauti yako nitadanganya tena, na nimeshadanganya vya kutosha.

Niruhusu nianze na kitabu, kama tulivyozoea. Mchimba visima wako nampenda. Napenda jinsi mwandishi asivyo na haraka, kisima kimoja kinachimbwa kurasa kumi na mbili na sikutamani kifike mwisho. Mama wa humo kitabuni simpendi. Yaani, simpendi alivyoandikwa. Nadhani mwandishi alimuua katika kipande cha kwanza kwa sababu hakujua amfanyie nini, na hilo ni kosa, mtu haondolewi kitabuni kama kiti kibovu. Mke wa kijana wa mchimba visima naye anaongea kama anahutubia mkutano. Hayo uliyaona kwenye karatasi yangu, nayarudia kwa sababu bado yananikera.

Ukurasa ambao sikuutolea maoni ni ule ambao kijana anarudi baada ya miaka mingi, anasimama nje kwa baba yake, anabisha hodi, anakuta kimya, anaondoka. Wewe uliandika kwamba mzee alikuwa na haki, na kwamba aliyeondoka kwa kiburi asitegemee kufunguliwa. Kisha tukakurudishia karatasi ya Baba, ikisema kwamba mzee yule alikosea, mlango ule ulikuwa wa kufunguliwa, na baba anayesubiri kuombwa hajakua. Ndiyo karatasi unayosema unatembea nayo mfukoni, mpaka penseli imeanza kufutika. Ndiyo iliyokufanya uombe likizo.

Kaka, unakumbuka mchezo huu ulivyoanza. Kitabu kilikuwa kimoja, wasomaji watatu, na hakuna aliyekubali kungoja. Baba akachukua wembe, akakata uzi mgongoni mwa kitabu, kikaachana vipande vitatu, kila mtu na chake. Ukimaliza chako unaandika maoni kwenye kikaratasi kisichozidi kiganja, unampa mwenzio. Baba alisema anayehitaji karatasi kubwa zaidi hajakielewa kitabu. Tukishamaliza wote anakishona upya na vile vikaratasi vinagandishwa mwishoni. Rafu ya juu bado imejaa vitabu vyetu, na mgeni akivifungua anadhani tuna wazimu.

Siku uliyoondoka sitaki kuirudia sana. Lakini nilikuwepo. Yule mwalimu mstaafu alileta kitabu alichoachiwa na marehemu mkewe, kimechakaa, nawe ukakishona vizuri kuliko hata Baba angeweza, kisha ukakipitisha kwenye kikatio ili kingo zinyooke. Hukuona kwamba pembeni mwa kila ukurasa mama yule alikuwa ameandika maoni yake kwa maandishi madogo. Kikatio kikayachukua yote. Mwalimu aliinama kuokota vile vipande vyembamba sakafuni, na Baba akakwambia mbele yake kwamba hata kipofu angeona. Ukaweka sindano mezani ukatoka. Najua hukuondoka kwa ajili ya lile kosa, uliondoka kwa ajili ya lile neno.

Baada ya miezi mitatu kilikuja kifurushi. Hakukuwa na barua, kulikuwa na kipande cha kitabu na kikaratasi chako. Baba alikisoma usiku ule ule, asubuhi akanipa kikaratasi chake nikapeleke posta. Hakutaja jina lako. Lakini kwa miaka minne hivyo ndivyo mlivyozungumza nyinyi wawili, na mimi nilikuwa nabeba vikaratasi hivyo kama mtu anayebeba mayai.

Sasa habari za Baba. Macho yake yamekwisha. Ilianza na ukungu pembeni, akasema taa imechoka, tukabadilisha taa. Daktari wa macho alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Mwezi huu unatimia mwaka na miezi minne tangu asome neno la mwisho. Bado anashona, mimi ninamtungia uzi kwenye sindano na vidole vyake vinafanya mengine, na wateja wengi hawajagundua. Alinikataza nisikwambie. Alisema hataki mtu arudi kwa kumwonea huruma. Siku moja tu, akiwa anatafuta mkasi uliokuwa mbele yake, alisema lile neno la kipofu limemrudia mwenyewe, kisha hakuligusia tena.

Nilimwomba nimsomee. Akakataa, akasema kitabu si dawa ya kunyweshwa. Kifurushi chako kikija alikuwa anakipima kwa kiganja, anaulizia ni kurasa ngapi, ananiambia nikiweke rafuni. Sikujua nifanye nini. Nikikutumia karatasi moja badala ya mbili, ungedhani amekukata, na ningekujibu nini bila kuivunja ahadi niliyompa? Kwa hiyo nikachukua ile penseli yake bapa, nikalaza herufi upande kama anavyozilaza, nikaandika mistari mitatu.

Ni mimi, Kaka. Kitabu hiki na kile kilichotangulia, karatasi zote za Baba niliziandika mimi. Uliniandikia kwamba Mzee siku hizi amekuwa mpole na kwamba uzee unamfaa. Nilicheka, kisha nikaona aibu. Na ule mlango, ni mimi niliyetaka ufunguliwe. Niliandika ninachotaka kusikia mimi nikakitia kinywani mwake, kama vile sikuona mwalimu yule alivyoumia kwa maoni ya mtu kuguswa. Ninakuomba radhi. Sikukusudia utembee na uongo wangu mfukoni.

Jumapili asubuhi, baada ya chai, nilimwambia Baba pia. Nilitegemea anifukuze. Aliniomba nimsomee zote kutoka kwenye nakala nilizojiwekea, moja baada ya nyingine, zilikuwa tano. Moja akasema sawa, hata yeye angesema hivyo. Nyingine akasema ni upuuzi, na kwamba maishani mwake hajawahi kuandika neno huruma. Nilipofika kwenye ile ya mlango alipangusa meza kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. Kisha akasema hawezi kutoa maoni juu ya ukurasa ambao hajausoma, na akaniambia nilete kitabu.

Tulifunga karakana Jumatatu na Jumanne. Nilimsomea tangu ukurasa wa kwanza, vile vipande viwili vyote, mpaka sauti ikanikauka. Alinikatiza kila mara. Juu ya mama tulibishana, anasema watu hufa hivyo hivyo, bila kumaliza kazi yao kitabuni. Tulipofika mlangoni aliniomba nirudie mara tatu, na mara ya tatu alifumba macho, ambayo sasa hayana haja ya kufumbwa. Nikamuuliza kama niandike. Akasema niandike, lakini kwa mwandiko wangu, na nisiongeze kitu.

Karatasi yenyewe nimeiweka humu, ila nainakili pia nisije nikasingiziwa. Anasema: “Kijana alibisha mara moja tu akaondoka. Mwandishi hatuambii mzee alikuwa wapi ndani ya nyumba. Mtu wa umri ule huchukua muda kufika mlangoni.”

Sijui kama huo ni msamaha. Sikumuuliza, na wewe usiniulize, maana nimeapa kutomsemea tena. Nilimuuliza tu kama nikwambie utume kile kipande cha tatu kwa posta. Akakataa. Anasema hataki kusomewa mwisho na mimi, eti nina tabia ya kuongeza chumvi, na kwamba aliyekianza kitabu ndiye akimalize. Halafu akanituma nikanunue uzi mpya wa kukishonea.

Sasa unajua yote, na safari ni yako kuifanya au kuiacha. Likizo yako usiitumie kwa ajili ya maneno yangu, itumie kwa ajili ya yake, kama yanakutosha. Wasalimie wenzako wa zamu. Kikohozi kitibu, na ule.

Ukija Jumamosi, mimi nitakuwa nyuma kwenye kikatio na sitatoka hata nikikusikia. Mlango nitamwachia yeye. Kutoka mezani kwake mpaka mlangoni ni hatua kumi na moja, nimezihesabu, na anazipiga huku ameshika ukuta. Basi ukishabisha hodi, subiri.

Mdogo wako aliyekuganda tangu utotoni,
Gundi