Joka la Russ na Dadu Nilizozificha

Mpendwa Bi Verna,

Nakuomba unisaidie kama unavyowasaidia waendesha mchezo wengine wanaokuandikia, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, maana nimeshika kalamu hii tangu nitoke kanisani, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na sita, fundi wa tanuri za kupasha nyumba joto, niliyewahi kulipukiwa na tanuri mbele ya uso wangu nikaenda zangu kula chakula cha mchana kama kawaida. Hili la Jumapili iliyopita limenishinda.

Mimi ndiye mwendesha mchezo wa kikundi chetu hapa Manitowoc, ule wa kusimulia hadithi mezani na kuamua mapigano kwa dadu, yaani ndiye ninayebuni mapango na mazimwi na hatari zote, na wenzangu ndio mashujaa wanaopita humo, na tunacheza kila Jumapili mchana katika chumba cha chini nyumbani kwangu, mimi, Curtis ambaye ni daktari wa meno, Joanie anayeendesha basi la shule, na dada yangu mdogo Darlene. Mchezo huu aliuanzisha shemeji yangu Russ, mume wa Darlene, akauendesha miaka kumi na moja, kisha siku moja akaniachia kiti chake akasema, "Wendell, nimechoka kukaa upande wa mazimwi, sasa na mimi nataka kushika shoka." Akajiundia shujaa wake, Borgrim, mzee wa mlimani mwenye ndevu mpaka kiunoni, na hiyo ni miaka tisa iliyopita. Mwaka juzi saratani ikamchukua Russ. Darlene, ambaye kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kutuletea chakula na kutucheka, alikuja Jumapili ya tatu baada ya mazishi akakaa kwenye kiti cha mumewe, akaweka mezani karatasi ya nguvu na silaha za Borgrim, yenye mwandiko wa Russ na alama ya kikombe chake cha kahawa, akasema, "Nifundisheni." Tukamfundisha, na huyo Borgrim amekuwa akitembea mpaka Jumapili iliyopita.

Sasa nakiri. Kama waendesha mchezo wengi, mimi hurusha dadu zangu za pande ishirini, ambazo namba kubwa ndiyo inayopiga, nyuma ya ukuta wa kadibodi ili wachezaji wasizione, na Bi Verna, kwa miaka tisa nimekuwa nikidanganya. Zimwi akipiga sawasawa nasema amekosa, shujaa akikaribia kufa naipunguza namba, sijawahi kuua mtu hata mmoja, na kila Jumapili wenzangu wanaondoka jasho likiwatoka na furaha tele wakisema, "Leo tumeponea chupuchupu!" na mimi najiona fundi kweli wa kupima mapambano. Na kwa kuwa walikuwa wanashinda, kila mara niliongeza kidogo, leo zimwi mmoja, mwezi ujao wawili, mpaka Jumapili iliyopita nikawawekea mazimwi watatu ndani ya mgodi na vibwengo wanane wenye pinde juu kwenye miamba, na mlango wa nyuma nikauangushia mawe ili kunoga zaidi.

Zimwi wa kwanza akampiga Borgrim, dadu ikatoa kumi na tisa, pigo la haki kabisa, na mimi kwa mazoea nikasema, "Amekosa." Wakati huohuo Darlene alikuwa anaweka mezani sinia la vile vikeki vyake vya karanga na chokoleti, ukingo wa sinia ukaigusa kadibodi, kadibodi ikalala chali, na dadu ikabaki pale katikati ya meza, kumi na tisa inatuangalia.

Joanie ndiye wa kwanza kusema. "Wendell, hiyo ni kumi na tisa."

Curtis akacheka. "Kumi na tisa halafu amekosa? Zimwi gani huyo, ana mtoto wa jicho?" Halafu akaacha kucheka. "Hebu ngoja kwanza. Hii ni mara ya ngapi?"

"Mara chache," nikasema.

"Chache ngapi, bwana?"

Nikaangalia chini nikasema, "Kila Jumapili."

Darlene alikuwa bado amesimama. Akasema taratibu, "Irushe upya. Hapa, mbele ya macho yetu."

Na mimi kwa aibu nikaikunja kadibodi, nikaiweka chini ya kiti, nikaanza kurusha wazi. Mizunguko miwili tu! Mzunguko wa kwanza mashujaa wa Curtis na Joanie wako hoi, wa pili mazimwi wawili na mishale mitano ikamwangukia Borgrim, nikahesabu mara tatu nikitafuta kosa, sikulipata. Borgrim amekufa. Shujaa wa Russ, aliyedumu miaka tisa, nimemuua kwa dakika kumi kati ya soseji na vikeki. Joanie alijifunika mdomo kwa mikono miwili.

Darlene hakulia. Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye mkoba, akaniuliza, "Na joka la Russ? Nalo lilikuwa hivihivi?"

Hapo ndipo nilipokufa mimi. Wiki sita kabla ya Russ kututoka tulihamishia mchezo hospitalini, tukacheza kwenye ile meza yake ya chakula yenye magurudumu, na Borgrim akasimama mbele ya joka kuu lililotusumbua miaka minne. Russ akairusha dadu yake mwenyewe, mbele ya wote, ikatoa ishirini, namba ya juu kabisa. Tulipiga kelele mpaka nesi akaja mbio. Lakini ishirini ile ilimpa pigo la kupunguza uhai ishirini na saba tu, na kwenye daftari langu joka lilikuwa limebakiwa na uhai hamsini na nane. Nikasema, "Limeanguka." Russ akainua mikono yote miwili na dripu yake, akacheka mpaka akakohoa, akanivuta karibu akanibana mkono akasema, "Joka lako limekonda, shemeji. Asante." Alikuwa anajigamba, si unajua watu wa shoka. Alimsimulia mchungaji, alimsimulia kila nesi wa zamu, na mpaka leo dadu ile iko dirishani jikoni kwa Darlene, kando ya picha yake, ishirini juu, hakuna anayeruhusiwa kuigusa hata akifuta vumbi.

Badala ya kumjibu nikainama kuzikusanya dadu. Akauliza, "Na Russ alikuwa anajua?" Nikasema sijui. Akavaa koti lake akatoka kwenye theluji, sinia ameliacha, hapokei simu zangu, na vikeki viko vilevile mezani sijathubutu kuonja hata kimoja.

Curtis anasema niseme yote ya mgodini yalikuwa ndoto ya Borgrim, tuendelee kama kawaida. Joanie hasemi kitu, na hilo linanitisha zaidi. Nami najiuliza, si nimwambie tu Darlene kwamba joka lile lilikuwa la haki, apate usingizi? Na jingine, ambalo hata kuliuliza naona haya: iliwezekanaje pambano nililolipima vizuri hivyo ligeuke mauaji? Nililipima, naapa nililipima.

Ni mimi, Wendell, Manitowoc

*

Wendell,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Miaka tisa! Nimeendesha mchezo huu katika jimbo hili tangu wakati ambapo tulikuwa tunanakili sheria kwa mkono, nimeona watu wakigombana hadi kuvunja meza, lakini mtu aliyedanganya kila Jumapili kwa miaka tisa halafu akajiita fundi wa kupima, huyo wewe ndiye wa kwanza. Pole, maana naona unaumia. Na sasa nyamaza unisikilize.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo jepesi. Hukupima chochote. Wewe ni fundi wa tanuri: ukikigonga kipima joto kila mara ili sindano isimame unapotaka, je, unajua nyumba ina joto gani? Hujui. Wenzako hawakuwa wanawashinda mazimwi, wewe ndiye uliyekuwa unawashinda kwa niaba yao, halafu ukauchukua ushindi huo wa uongo kuwa kipimo cha pambano linalofuata. Ndiyo maana kila ulipoongeza uliongeza juu ya hewa, na siku dadu ziliposema kweli, watu watatu wakaangukiwa na mgodi wa miaka tisa.

Tena pambano lenyewe ni aibu, hata kama usingedanganya. Hesabu mapigo, bwana, usihesabu ukubwa wa meno. Mashujaa watatu wanapiga mara tatu kwa kila mzunguko, maadui kumi na mmoja wanapiga mara kumi na moja. Zimwi mmoja mkubwa peke yake atazungukwa na kuchoshwa, lakini vibwengo wanane dhaifu walio mahali pasipofikika na shoka wanaua kuliko joka. Na mlango wa nyuma uliuziba kwa nini? Eti kunoga! Hayo ni machinjio, Wendell. Siku nyingine waanze vibwengo wawili tu na zimwi mmoja, wengine waje wakisikia kelele, na wewe ukiona mambo yameharibika, basi wasije. Acha njia ya kukimbilia na njia ya kupanda kule kwenye miamba. Jiulize vibwengo wenyewe wanataka nini. Kama ni njaa, watachukua punda wa mizigo waondoke, hawana haja ya kufa kwa ajili yako. Mazimwi wanaweza kuteka watu badala ya kuwaua, na mtu akitekwa una hadithi ya Jumapili tatu. Na kabla ya kulipeleka pambano mezani, kaa jikoni peke yako, cheza pande zote mbili, dadu wazi, mara tatu. Wakifa mara mbili kati ya hizo tatu, punguza. Ukifanya hivyo huna haja ya kuficha kitu.

Kadibodi itupe. Sisemi kila anayeitumia ni mwongo, mimi mwenyewe ninayo, naficha ramani zangu. Ila wewe imekushinda, kama mtu aliyeshindwa na pombe, kwa hiyo usiwe nayo ndani ya nyumba.

La Curtis la ndoto, likatae. Mmekwisha kudanganyana vya kutosha mezani hapo. Mwambie Joanie pole, kwa mdomo wako, uso kwa uso, maana anayenyamaza ndiye anayehesabu ni Jumapili ngapi ametoka jasho bure. Na Borgrim abaki palepale alipoanguka mpaka Darlene mwenyewe aseme. Akitaka azikwe, mtamzika vizuri, mtatumia Jumapili nzima kumzika. Akitaka wenzake washuke chini kwa wafu wakamrudishe, utaunda safari hiyo, ngumu na ya haki. Uamuzi ni wake, si wako, na si wa daktari wa meno.

Sasa joka.

Unaniuliza kama umdanganye dada yako apate usingizi. Nilitamani nikupige kofi. Huyu mwanamke amejifunza mchezo aliokuwa anaucheka ili tu akae kwenye kiti cha mumewe, na Jumapili ile kitu kimoja tu alichokuomba ni kwamba uirushe dadu mbele ya macho yake. Ukimdanganya tena, siku moja ataliona daftari, maana watu kama wewe hamtupi madaftari, na siku hiyo huna dada.

Nenda kwake. Usipige simu, nenda, na sinia lake umrudishie likiwa limeoshwa. Fungua ukurasa ule, mwonyeshe hamsini na nane, mwonyeshe ishirini na saba, umwambie hizo thelathini na moja zilizobaki ulizifuta wewe kwa sababu ulimpenda Russ na hukutaka afe kabla joka halijafa. Useme hivyohivyo, usipambe. Mwambie pia ishirini ile ilikuwa ishirini, aliirusha Russ kwa mkono wake, na dirishani ikae. Akikufukuza, toka. Jumapili inayofuata rudi tena.

Ila kabla hujatoka mlangoni, nina jambo moja, na nashangaa wewe mwenyewe umeliandika kwa mkono wako bila kuliona. Alikuuliza kama Russ alikuwa anajua, ukasema hujui. Wendell, Russ aliendesha mchezo huu miaka kumi na moja kabla yako. Majoka ameyaunda yeye kabla hujajua dadu ina pande ngapi. Mtu kama huyo anajua joka kuu linabeba uhai kiasi gani, na anajua pigo la ishirini na saba haliliangushi. Halafu akakuvuta karibu, akakubana mkono, akakuambia limekonda, akakushukuru. Wewe ukadhani anajigamba!

Mimi sikuwepo, siwezi kuapa. Kwa hiyo usimpelekee Darlene maoni yangu, mpelekee maneno ya Russ, yaleyale, kama alivyoyasema na jinsi alivyokushika. Yeye ndiye aliyekuwa mke wake, atajua mumewe alikuwa anakushukuru kwa nini.

Verna Stolz