Wembe wa Amuri

Ijumaa, mwezi wa Rajabu. Mvua imeacha sasa hivi. Matope ya Kindu yanang'ang'ania viatu kana kwamba nayo yameajiriwa na boma.

Leo nimenyolewa na mtu mwingine.

Atakayesoma daftari hili huenda asijue uzito wa maneno hayo, basi nieleze. Amuri, fundi wa mitumbwi, ni ndugu yangu wa kuchanjiana. Ujanani tulichanjwa kifuani, kila mmoja akala damu ya mwenzake juu ya kipande cha ini la mbuzi. Mwalimu wangu wa Kurani alininunia siku tatu. Tangu hapo, kila Ijumaa Amuri hunyoa kichwa changu nami hunyoa chake. Hulaza shingo yangu pajani pake, hushika sikio langu la kushoto, na huanzia nyuma yake. Kisha tunakwenda msikitini tumeshikana mikono, wazee wawili, na hakuna anayeshangaa. Safarini tumelala mkeka mmoja miaka mingi kuliko niliyolala na mke wangu, Mungu amrehemu.

Simpendi mtu yeyote duniani kumzidi yeye.

Lakini tangu vita vya Waarabu na Wazungu viishe nimo ndani ya boma. Mzungu mkuu wa kituo ananihitaji nimsomee barua za Kiarabu. Ninakula vizuri, ninaamkiwa kwa heshima. Kutoka ndiko nisikoweza. Amuri amebaki ng'ambo ya mto. Kila alasiri huja na mtumbwi hadi pale askari wanapomruhusu, wanamdhania mvuvi. Hujipapasa kichwa, yaani, zimefika wapi? Mimi huvua kofia nikamwonyesha nywele za miezi minne, naye hucheka mpaka mtumbwi unayumba.

Asubuhi mkuu alinitazama sana, akasema neno. Askari mkalimani akanigeukia.

"Mwalimu, Bwana Mukubwa anauliza, nani alikuwa anakunyoa? Kichwa yako sasa njo kiota ya ndege. Taja jina, tumulete leo."

Jina lilifika ulimini. Kabla ya adhuhuri angekuwa hapa, mkono wake sikioni mwangu.

Kisha nikakumbuka mafundi wawili wa mitumbwi walioletwa mwezi uliopita. Wamefungwa mnyororo kando ya gogo wanalochonga, na boma bado linatafuta wengine. Askari wangemjua Amuri kuwa fundi kwa sugu za viganja vyake tu.

"Sina mtu," nikasema. "Ni uvivu wa uzee."

"Basi ikala hapa, muzee. Nitakunyoa miye."

Hakuwa mkatili. Wembe wake ulikuwa mkali na mkono wake mwepesi. Alianzia mbele, juu ya paji la uso. Machozi yakanitoka, naye akaniomba radhi akidhani amenikata.

Alasiri inakaribia. Amuri atajipapasa kichwa. Nikivua kofia, ataona kwamba mkono wa mwingine umepita. Nisipoivua, ataelewa vilevile. Nikipaza sauti nimweleze sababu, askari watasikia, na sababu ndiyo itakayomfunga. Mimi, niliyefundisha watu maisha yangu yote, leo sina ruhusa ya kueleza jambo moja.

Nitaivua. Kisha nitaweka kiganja kifuani, penye chale, nikiache hapo mpaka ageuze mtumbwi.

Kutoka kule katikati ya mto, atakiona kiganja, au ataona kichwa tu?