Tsuma wa Mwinga, Aliyewafuata Nzige Asirudi

Mwaka umetimia sasa, Tsuma mwana wa Mwinga, tangu ndege ndogo uliyopanda kutafuta nzige ilipoanguka gizani ikitua Diani. Watu walituambia kwamba mwaka ukipita moyo utatulia. Haukutulia.

Ulikuwa mtu wa kucheka kabla hujamaliza kisa chako mwenyewe, nasi tukacheka bila kujua tunachekea nini. Ukija Kinango likizo, hata maji hujanywa, ulikuwa umeshampelekea Bibi Biasha, jirani yetu asiyeona, madebe yake mawili kutoka bwawani. Siku hizi akisikia hatua njiani huuliza, "Ni Tsuma huyo?" Tumeshamwambia. Anasahau, au hataki kujua.

Ulipopata kazi ya kumwonyesha rubani Mzungu nchi yetu kutoka juu, baba yako aliguna.

"Mimi nilikulea utembee chini," alisema.

"Baba, nzige nao hawatembei chini," ulimjibu, naye akacheka shingo upande.

Jioni ile mkeo Mbodze, mjamzito, aliyekuwa amekufuata Diani mwezi huo, alisonga sima akaifunika. Jua likazama, hukuja. Giza lilikuwa limeshashika aliposikia mngurumo. Uwanja ule wa majani haukuwa na taa. Charo, mlinzi, akawasha makopo ya mafuta ya taa, na watu wakakimbilia huko na vienge vya makuti. Mbodze naye alishika kimoja, akakiinua kadiri mkono wake ulivyofika. Ndege ikazunguka. Ikazunguka tena. Iliposhuka ilikuja chini mno, ikagonga vilele vya minazi.

Charo alimshika asifike pale. "Usiende, dada. Mkumbuke alivyokuwa."

Wewe na rubani mlikuwa mmeshakata roho. Mbodze alimtii Charo, na hilo ndilo linalomla hadi leo. Ulirudishwa Kinango ndani ya sanda iliyokwisha kushonwa. Mbodze huamka usiku akasema, "Sikumwona. Nitajuaje kama ni yeye tuliyemzika?"

Kwenye matanga alikuja mchunga ng'ombe mmoja kutoka Taru, jina lake Ngala. Alisema, "Siku ile nzige walitua vichakani jua likichwa. Ndege ikawazunguka mpaka wakatulia wote. Mtu aliyekuwa ndani alinipungia mkono, nami nikampungia."

Ndipo tulipoelewa kilichowachelewesha. Mlikuwa mmewapata. Mlikuwa mnarudi kusema walipolala, wanyunyiziwe dawa alfajiri kabla hawajaruka. Ngala alikuwa peke yake na ng'ombe wake; hakujua kama kuna wa kumwambia.

Matanga hayajaisha, nzige wakafika kwetu. Jua lilififia mchana. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Mama yako Dama aliwatoa wageni wote msibani, wakaingia shambani na masufuria na masinia, wakipiga na kupiga. Baba yako alipiga debe mpaka likapasuka, kisha akaketi katikati ya shamba, nzige wakimtambaa mabegani.

"Mwanangu aliwaona," alikuwa akisema. "Aliwaona wote."

Jioni halikubaki jani.

Mwanao alizaliwa katika njaa ile. Tulimwita Mwinga, jina la babu yake. Alikuwa na vidole virefu kama vyako. Maziwa ya mama yake yalikauka, tukamnywesha uji mwepesi, na uji nao ukatushinda kupata. Hakufika miezi miwili. Tumemlaza ubavuni mwako. Mpokee, Tsuma. Huko hana anayemjua.

Unaliliwa na baba yako Mwinga, mama yako Dama, mkeo Mbodze, ndugu zako Dzombo na Jefwa, dada yako Rispah, na ukoo wote wa Kinango. Kwa siku zetu zote zilizobaki, hatutakusahau.